Rangi ya Boti ya Stanslaus

Ijumaa, tarehe 13 Juni 2025. Asubuhi hiyo Lituhi, kando ya ziwa, kulikuwa na jua, lakini upepo wa mwera ulivuma kwa nguvu kutoka kusini.

Kilian alimaliza sala, akabeba boti ndogo ya mbao hadi ufukweni. Alikuwa ameichonga ifanane na boti ya marehemu kaka yake, Stanslaus. Jumapili ingewekwa mbele ya altare katika misa ya kumwombea. Mama yao, Celestina, haoni tena. Aliomba jambo moja tu: aishike boti hiyo kwa mikono yake.

Ufukweni ndiko watu wa Lituhi hupaka boti zao rangi kwa brashi. Kilian naye akaenda huko huko na kopo la rangi ya kupuliza. Rangi ilipokauka, boti ilikuwa na chengachenga kila mahali.

Jirani yake, Jacqueline, ni fundi wa kupulizia pikipiki rangi. Aliipapasa, akacheka.

"Shemeji, hii ni boti au dagaa wa usipa waliokaushwa mchangani?"

Kilian hakucheka. Alisema mama atazigusa chenga hizo, na Stanslaus alipenda boti yake iwe laini.

Jacqueline akamweleza polepole. Brashi hugusa mbao, lakini rangi ya kupuliza hupita hewani kwanza. Upepo huikausha kabla haijafika, tena huleta mchanga. Jua kali nalo huikausha upesi mno. Akampa msasa aisugue, waanze upya kesho.

Jumamosi kulipambazuka shwari, ukungu ukiwa juu ya maji. Kilian alitoka kusali, kopo mkononi. Jacqueline akamwonyesha bati la paa lililolowa umande.

"Ukipuliza sasa, rangi itapauka iwe nyeupe kama uji. Mungu amekusikia, shemeji, upepo umetulia, ila subiri pakauke."

Wakasubiri. Jua likapanda, bati likakauka, na moshi wa jikoni ukapanda wima bila kuyumbishwa na upepo. Hapo wakavaa barakoa, wakaenda kivulini nyuma ya nyumba. Kilian alipuliza kidogo, akaacha ikauke, akarudia.

Jumapili, baada ya misa, Mama Celestina alipitisha vidole kwenye boti, kutoka mbele hadi nyuma. Akarudia tena.

"Ni laini," alisema. "Ni yake."

Stella, binti wa Stanslaus, akauliza kama naye atapata ya kwake. Kilian alisimama mbele ya waumini wote.

"Nitakutengenezea, mwanangu. Na sitapuliza rangi mpaka umande ukauke na moshi upande wima."