Kidole Kwenye Picha ya Kasuku

Dada yangu amepiga eksirei za meno kwa miaka kumi na minne, na hana subira na hadithi za majini. Mimi pia sina. Wengi wa wanaozisimulia wanatafuta wa kuwaonea huruma. Kwa hiyo hii naisimulia shingo upande.

Asubuhi moja, kliniki ikiwa bado tupu, alimleta bintiye wa pekee, wa miaka saba, tunayemwita Kasuku kwa wingi wa maneno yake. Gego lilikuwa linamuuma.

"Leo domo litapumzika," alimtania akimvika aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi.

"Litapumzikaje, na umesema niliache wazi?"

Akamng'atisha kishikizi chenye kibao cha kunasia picha. Kibao hakishikwi kwa mkono. Wazembe hukishika, na mifupa ya vidole vyao hutokea pichani. Dada huwasimanga wiki nzima. Akatoka, akasimama nyuma ya ukuta wenye kidirisha cha kioo, akabonyeza.

Picha ilitokea safi kwenye skrini: gego la utoto, na chini yake jino la ukubwa likisubiri zamu ndani ya mfupa. Na pembeni, ncha ya kidole.

"Kasuku, umeshika?"

Mtoto akatoa mikono chini ya aproni. Vidole vyembamba kama njiti. Cha pichani kilikuwa cha mtu mzima.

Dada akacheka. Mashine mbovu hii, akasema. Akarudia, safari hii akimkodolea macho kupitia kioo. Mle ndani alikuwemo mtoto tu.

Vidole viwili. Havikuwa pembeni tena. Vilikuwa ndani ya taya, vimelibana lile jino la chini.

Alikimbilia ndani. Kasuku alikuwa ameachama, kishikizi kimeanguka sakafuni.

"Funga mdomo, mwanangu."

"Hajamaliza," mtoto akanong'ona. "Kasema nitulie."

"Nani?"

Machozi tu.

Dada alimnyakua na aproni yake, wakatoka mbio mpaka barabarani.

Kesho yake alimpeleka kwa daktari wa meno, mbali. Yule bwana aliitazama picha mpya, akasogeza kiti.

"Mama, huyu alifanyiwa upasuaji lini?"

"Hajawahi."

Ufizi ulikuwa mzima. Hapakuwa na kidonda, wala tone la damu. Gego la utoto lilikuwa mahali pake. Chini yake, jino la ukubwa halikuwepo. Palikuwa na kishimo laini mfupani, na ndani yake michirizi myembamba ya mviringo, kama alama ya dole gumba lililobonyezwa kwenye nta.