Gati la Mtu Mmoja

Nitegeeni sikio, nami niwategee fumbo. Ipo nyumba ina usukani, ina kengele na nanga ya chuma, na chini ya sakafu yake kuku wa mlinzi wanataga. Maji yaliyo karibu nayo ni ya ndoo. Nyumba gani hiyo? Mmeshindwa? Basi nipeni mji, na mji ninaoutaka ni Dodoma, mwaka wa tisini na tatu, wakati ule wa ruksa, mitumba ilipoingia kwa malori na mali za serikali zikawa zinapigwa mnada kila baada ya wiki.

Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, belo la mapazia lilifunguliwa sokoni Majengo. Wanawake wakaliinamia. Bi Mgeni, fundi cherehani wa Makole, alikuwa amevaa baibui lililopauka mabegani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kwa sababu alisahau kuivua. Akaona kitambaa cha buluu, kizito, kisichopitisha mwanga. Akakivuta. Kikamvuta na yeye.

Upande wa pili alikuwepo mwanamume wa miaka sitini hivi, suti ya kaunda ya kijivu iliyopigwa pasi ikanyooka, kofia ya kufuma, na kucha zenye weusi wa grisi usiotoka tena.

"Bwana, achia. Nimelishika mimi kwanza."

"Wewe umeshika pindo, mama. Mimi nimeshika katikati."

"Mwanamume na pazia wapi na wapi? Mkeo kakutuma?"

"Mke wangu alishatangulia, miaka tisa sasa. Nimejituma mwenyewe. Madirisha yako wazi, vumbi linaingia mpaka kwenye chai."

"Madirisha mangapi?"

"Sita. Ya mviringo. Kila moja kama sinia ya kahawa."

Mgeni akacheka mpaka pazia likamponyoka. "Kwa Dodoma hii? Nyumba ya nani ina madirisha ya sinia?"

"Yangu. Njoo upime. Ila usije peke yako, watu wa mji huu hawana kazi."

Akaja na jirani yake Anyesi. Na kweli, nyuma ya yadi ya Idara ya Maji, juu ya magogo, ilikuwepo boti. Boti ya chuma, ndefu kama lori, nyeupe iliyoingia kutu, na mlinzi Matonya amekaa kivulini mwake akipepeta mtama. Zamani ilikuwa ya mradi wa kuhesabu samaki bwawani Mtera. Mradi ulipokufa, boti ikapigwa mnada, na Imrani, fundi mitambo aliyeanzia kazi kwenye meli za ziwa na kumalizia kwenye pampu za visima vya Ugogo, akaichukua kwa kiinua mgongo chake. Watu walisema joto limempanda kichwani. Yeye alirudisha funguo za nyumba ya serikali, akahamia ndani ya boti hapohapo nchi kavu.

"Miaka ishirini na mbili nimewachimbia watu maji," alimwambia Mgeni huku akimimina kahawa. "Sasa nataka kuyalalia."

"Utayalalia wapi?"

Imrani akatoa daftari. Alikuwa ameandika majina matatu: Kigoma, Mwanza, Mtera. "Kigoma ndiko nilikozaliwa. Kuna karakana, boti ikiota kutu inapandishwa juu. Mwanza kuna vipuri na hospitali kubwa, lakini magugu yamefunga ziwa, na wezi wa injini ni wengi. Mtera ni karibu, asubuhi unapanda basi, mchana umefika. Ila hakuna gati, kuna viboko, na maji yakishuka unabaki matopeni."

"Maji ya kunywa unachota wapi? Ukiugua nani atajua? Adhana inasikika? Na ukifa je, wanakuzika wapi?"

Imrani akaweka kalamu chini. Alikuwa amefikiria kina cha maji, upepo na bei ya dizeli. Makaburi hakuyafikiria. "Wewe ungechagua wapi, Bi Mgeni?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwake: Mtera. Mumewe Abbasi alilala katika ardhi ya Dodoma mwaka wa sita sasa, na yeye mwenyewe hajawahi kuona maji makubwa kuliko bwawa la Hombolo. Lakini tangu lini mwanamke akaulizwa boti ya mtu ikae wapi?

"Popote utakapoona panafaa, fundi."

Mapazia sita yalimchukua miezi miwili kushona. Fundi kama yeye angeyamaliza kwa siku moja, na Makole yote ilijua hivyo. Kila pazia lilihitaji kupimwa upya, na kila kupimwa kulihitaji kahawa. Anyesi alichoka kusindikiza, akawa anamwachia Matonya kazi ya kuwa shahidi.

"Fumbo," Mgeni angesema, sindano mdomoni.

"Fumbua."

"Sivyo hivyo. Mwitikie mtu kama ulivyofundishwa."

"Haya, tega."

"Anaingia bila hodi, haketi, hanywi. Akitoka nafagia nyumba nzima."

"Vumbi la Dodoma. Sasa langu. Nimevua samaki, ananihesabia mishono."

"Samaki gani anayehesabu?"

"Huyu hapa mwenye futi shingoni."

"Wewe mzee huna haya."

"Ninayo. Ndiyo maana nimemwandikia kaka yako."

Swalihu, kaka mdogo wa Mgeni, alikuwa mchuuzi wa ng'ombe kule Chemba. Alifika na lori la mnada, akanawa, akanywa kahawa, akakohoa. "Dada, Bwana Imrani ameleta posa. Wasemaje?"

Mgeni akainamisha kichwa, akachezea pindo la kanga. Hivyo ndivyo alivyofanya akiwa na miaka kumi na sita, walipomuuliza kuhusu Abbasi. Siku ile wazee walitazamana, wakacheka, wakasema binti amekubali, na ubani ukachomwa. Leo akanyamaza vilevile. Swalihu akasubiri kidogo, akamaliza kahawa, akaaga. Mgeni akafunga mlango, akacheka peke yake jikoni. Akahesabu kwamba amekwishachumbiwa.

Imrani akasafiri kwenda kutazama bandari. Simu ilikuwa dukani kwa Bashiri, na miadi ilikuwa Ijumaa baada ya sala.

"Mama Nasma, simu yako, Kigoma," Bashiri alimwita Mgeni mara ya kwanza, kwa jina la mwanawe, na wanunuzi wa sukari wakasogea kumpisha, wasiende mbali.

"Haloo. Fundi?"

"Bi Mgeni. Nimefika. Nimekwenda Ujiji, nimemkuta bibi mmoja bado ananiita kwa jina la utotoni."

"Jina gani?"

"Siwezi kulisema kwenye waya."

"Gati je?"

"Lipo. Nimeacha maombi. Nimewapa sanduku la posta la Bashiri, barua ikija ifungueni mnisomee. Naelekea Mwanza. Wewe hujambo? Unakula?"

"Ninakula. Na wewe ufunge kifua, huko kuna upepo."

Basi. Simu ya dukani haina siri. Neno la ndoa hakulitamka yeye, wala Mgeni hakulitamka, watu wanane wakisikiliza. Alirudi nyumbani amekaza ushungi, asionekane anavyotabasamu.

Barua ilifika siku ya Jumanne. Bashiri akampa aisome mwenyewe. Ilikuwa ya mashine, fupi, na muhuri chini. Maombi ya kuegesha boti ya makazi yamekubaliwa. Jina la mmiliki, urefu wa chombo. Halafu: *Idadi ya wakaaji: mmoja.*

Akaisoma mara tatu. Mmoja.

"Habari njema, mama?" Bashiri akauliza.

"Njema kwake. Ijumaa utamsomea wewe."

Ijumaa hakwenda. Alikaa kwenye cherehani, akasikia Bashiri akiita toka barazani, "Mama Nasma, simu, Mwanza," akakanyaga pedali kwa nguvu ili kelele ya mashine izibe. Ijumaa ya pili vilevile. Ya tatu hakuna aliyeita.

Nyumba ina namna ya kukua mtu akikaa ndani yake peke yake. Nasma, mwanawe, alikuwa Dar es Salaam na watoto wake, barua zake zikija Idi hadi Idi. Mgeni alipika kibaba, akala nusu, akampelekea Anyesi iliyobaki. Alikuwa amezoea upweke wa mwanzo, ule wa kufiwa, ambao watu huja kukupa pole. Huu wa pili haukuwa na matanga. Utamwambia nani kwamba umeachwa na mtu ambaye hakuwa wako?

Imrani aliporudi alikuja hadi mlangoni, amevaa ile kaunda, mkononi ana kifurushi cha dagaa. Mgeni alimwona kupitia upenyo wa dirisha.

"Mwambie nimekwenda Chemba," akamnong'oneza Anyesi.

"Mgeni, uongo wa mchana kweupe?"

"Mwambie."

Anyesi akamwambia, huku akitazama miguu yake. Imrani akatazama viatu vya Mgeni vilivyokuwa kizingitini. "Msalimie akirudi," akasema. Akaacha dagaa, akaondoka taratibu, na mgongo wake ulionekana wa mtu mwenye miaka mingi kuliko sitini.

Wiki mbili baadaye akaja Swaumu, mke wa Swalihu, amemleta mtoto hospitali. Hakumaliza hata kuvua ushungi.

"Wifi, nina la kukuuliza. Yule mzee wa boti alikukosea nini hata ukamkataa?"

"Nani kamkataa? Mimi nilikubali. Yeye ndiye aliyejiandikia gati la mtu mmoja."

"Ulikubali lini?"

"Swalihu aliponiuliza. Hapohapo ulipokaa."

"Ulitamka?"

"Nilinyamaza. Mwanamke anajibu vipi tena?"

Swaumu akajishika kiuno. "Maskini wifi yangu. Kunyamaza ni kwa mwari. Mwari ndiye kimya chake kinahesabiwa ridhaa. Mjane hanyamazi, mjane anatamka kwa mdomo wake, ndivyo dini inavyotaka. Swalihu alikungoja utamke, hukutamka. Wewe dadake mkubwa, aliona haya kukubana. Akamwandikia mwenzio kwamba hujasema neno. Sasa yeye aandike wawili wapi, mbele ya serikali, na mwanamke hajamkubali?"

Mgeni akakaa kwenye mkeka. Mwanamke wa miaka hamsini na mitano, na hakuna aliyemwambia kwamba safari hii sauti yake ilikuwa inasubiriwa.

"Yuko wapi sasa?" akauliza.

"Mimi nimepita stesheni saa hii. Boti iko juu ya behewa, watu wamejaa kuishangaa."

Alikwenda kwa miguu, na kanga ya nyumbani, bila baibui. Pale stesheni treni ya mizigo ilikuwa tayari kuondoka, na katikati ya mabehewa ya nafaka boti nyeupe imesimama juu ya behewa la wazi, imefungwa minyororo. Imrani alikuwa juu, akijaribu kila mnyororo kwa mkono.

"Fundi."

Akageuka. "Bi Mgeni. Umerudi kutoka Chemba?"

"Sikwenda. Shuka."

"Siwezi, wananipigia filimbi wakati wowote."

"Basi nisikilize hukohuko." Wauza karanga wakageuka. Msimamizi wa stesheni akateremsha bendera yake kidogo. Mgeni hakuwa amewahi kupaza sauti mbele ya watu maishani mwake. "Nimekubali. Nilikubali siku ile aliponiuliza kaka yangu, nikadhani kunyamaza kunatosha."

Imrani akashika ukingo wa boti.

"Usininyamazie na wewe. Kunyamaza kumetutosha. Na lingine: uliniuliza ningechagua wapi, nikakwambia popote. Nilikudanganya. Mimi nilitaka Mtera."

"Mtera sikwenda hata kupaona," Imrani akasema polepole. "Nilipokuta mlango umefungwa, sikuona sababu ya kukaa karibu."

Wakatazamana, mmoja chini kwenye kokoto, mmoja juu ya chuma.

"Nitawaambia waishushe."

"Usiwaambie. Ulivyoongea siku ile ukitokea Ujiji, nilisikia kijana kwenye waya. Nikikutoa huko utakuwa unakaa Mtera kama mimi ninavyokaa Makole. Nenda ukaitie majini."

"Na wewe?"

"Uje Mfungo Tatu, mwezi wa hija, tufunge ndoa hapahapa, na hapo tena nitatamka, wewe usiwe na wasiwasi. Kisha nitakuja kiangazi nitazame. Mimi nimekubali mume. Maji bado."

Filimbi ikalia. Mabehewa yakagongana moja baada ya jingine hadi ikafika zamu ya lake, na Imrani akayumba, akashika minyororo, akacheka huku anajifuta macho kwa kofia.

"Niandike wangapi?" akapiga kelele.

"Andika mmoja na nusu," Mgeni akajibu.

Boti ikapita mbele ya maghala, ikapita vichaka vya nje ya mji, ikielekea magharibi kwenye nchi kavu. Aliitazama mpaka macho yakauma. Miezi mitatu mbele yake, na nyumba ileile, kibaba kilekile cha kupika. Safari hii alijua anamsubiri nani, ingawa kujua hakupunguzi urefu wa jioni.

Msichana wa karanga akamsogelea. "Shikamoo mama. Umemsindikiza nani?"

"Marahaba." Mgeni akafunga kanga vizuri. "Mchumba wangu."

Msichana akatazama mvi zilizochungulia chini ya kanga, akabana midomo, kicheko kikamshinda.

"Cheka tu, mwanangu," Mgeni akasema. "Hata mimi neno hilo ndiyo kwanza nalisikia."