Sanduku la Husna

"Funga hilo sanduku liende kwa mama, Time! Husna tumeshamzika."

"Sifungi, Makame. Nguo bado zinanukia mafuta yake."

Rafiki yangu Time alikuwa akigombana na mumewe chumbani kwao, mtaa wa Al Mansoura huko Uarabuni. Husna, mdogo wake Time aliyekuwa yaya, alisafiri na waajiri wake hadi Stockholm. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa kwenye makumbusho ya meli iliyozama zamani: "Humu giza, dada, na baridi inauma." Kesho yake akafariki ghafla.

Magharibi ile umeme ulikatika. Katika giza wakasikia maji yakidondoka nje ya mlango, tone baada ya tone.

"Hodi."

Kwa mazoea Time akaitikia, "Karibu." Makame alimziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

"Ahsante, dada. Kule kwenye meli kulikuwa na baridi."