Ndoo ya Bafuni

Rafiki yangu fundi pampu ana roho ngumu, lakini yaliyomkuta kwa mama mmoja mjane mpaka leo akiyasimulia hunyong'onyea. Pampu ya kisima chake ilikuwa inajiwasha kila magharibi, na mabomba yote yamefungwa. Fundi akazima umeme, akamwaga maji yote ya tangi la presha ili apime upepo uliomo ndani yake. Mshale wa geji, kipimo cha msukumo wa maji, ukalala kwenye sifuri. Mle gizani kwenye kibanda cha pampu, yeye na yule mama wakasikia maji yakimiminika bafuni.

“Mama, ndani kuna nani?”

“Hakuna mtu, mwanangu. Tangu nimzike mzee, hakuna tena wa kunichanganyia maji ya kuoga.”

Fundi akaenda kuangalia. Bomba lilikuwa kavu. Ndoo ilikuwa imejaa pomoni, akachovya kidole. Vuguvugu.