Mpangaji wa Chumba Namba Nne

Sahani ya Mzee Ambindwile ilirudi imeoshwa. Mwalimu Yustina aliigeuza mara mbili, akainusa, kisha akajiambia hii ni kazi ya Ackson, jirani wa namba mbili, mtu asiyeweza kupita penye ndizi akaziacha salama. Tatizo ni kwamba Ackson hakuwahi kuosha sahani tangu azaliwe. Na Mzee Ambindwile alikuwa kaburini kwao Lupepo, mwezi wa tatu sasa.

Tuseme ukweli: mchezo aliuanzisha Yustina mwenyewe. Ulikuwa mwaka tisini na saba, mashirika ya umma yanauzwa kama mitumba, na shirika lililojenga nyumba yao pale Ibighi lilikuwa limeshafungwa. Barua ya mfilisi ilibandikwa ukutani: wapangaji wana haki ya kwanza ya kuinunua nyumba kwa pamoja, mradi vyumba vyote sita vinakaliwa. Kikikutwa kimoja kitupu, jengo lote linakwenda mnadani. Na kila mtu alijua nani angelichukua huko. Tajiri mmoja kutoka Mbeya alikuwa ameshakuja kuupima ua kwa hatua zake, akitafuta pa kuweka gesti.

Yustina alitoka Bukoba miaka kumi na minne nyuma, kapangiwa kazi Tukuyu. Mumewe alifia mle chumba namba tatu, binti yake Anneth alizaliwa mle mle. Hakuwa na pengine pa kwenda, na hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kuonyesha. Jirani yao wa namba nne, karani mstaafu asiye na mke wala mtoto, alikuwa amefia kijijini bila shirika kupata habari. Yustina akawaita majirani, akawapa mpango. Orodha ya wapangaji aliiandika yeye, kwa mwandiko wake wa ubaoni: namba nne, Ambindwile Mwasomola.

Wakagawana zamu. Kila siku kaya moja iwashe jiko mle ndani, iweke chakula, ianike shati la mzee kambani, na kila apitaye mlangoni amsalimie kwa sauti, kwa sababu mkaguzi wa mfilisi hakuwa mtu wa kubisha hodi. Bibi Esnath wa namba moja, mwenyeji kuliko wote, ndiye peke yake aliyekataa zamu.

"Mwalimu, marehemu haitwi kwenye chakula," alisema. "Ukimwita, utajuaje aliyeitika?"

Yustina alimjibu kwa heshima kwamba Mungu ni mmoja na barua ni moja. Elimu nayo ina kiburi chake.

Mkaguzi alipita siku ya pili, akaona moshi, akaandika, akaenda zake. Wakacheka sana siku hiyo. Kisha ikaja ile sahani, na baada ya sahani likaja shati. Prisca, mke wa Ackson, alilianua siku ya jua kali akalirudisha kambani upesi, akasema lina joto la mwili wa mtu, na kwapani limelowa. Tangu hapo ukuta kati ya namba tatu na namba nne ukaanza kukohoa. Harufu ya tumbaku iliyochanganyika na udongo mbichi ikawa inapenya chini ya mlango, ikimkuta Yustina akisahihisha madaftari.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, ukungu wa Rungwe ulikuwa umeshuka hadi uani. Yustina alipita na ndoo ya maji, na kwa mazoea akasalimia mlangoni kwa lugha ya wenyeji, "Mzee, ugonile?"

"Ndaga, mwalimu," sauti ikajibu kutoka ndani. "Jana chumvi ilipungua."

Akasimama pale pale na ndoo mkononi, akisikia kitanda cha chuma kikilia kama kinavyolia mtu akiinuka, kisha ndala zikiburuzwa kuja mlangoni taratibu, taratibu, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka kwa sababu yuko kwake, mpaka kivuli cha miguu miwili kikatua kwenye uwazi wa chini ya mlango na harufu ya kaburi lililochimbwa leo ikamjaa kooni, naye akajua, kama anavyolijua jina la mwanawe, kwamba upande wa pili wa ubao ule kuna kitu kinasubiri aseme karibu.

Hakusema. Alikimbia, na maji yakamwagika ua mzima.

Zamu zikakoma siku hiyo. Moshi haukukoma.

Wakamleta Mzee Yohane kutoka Mpuguso, mzee wa kanisa aliyejua maombi na mizizi pia. Aliingia namba nne peke yake, akakaa humo muda wa kuiva chungu cha maharage. Alipotoka aliomba kiti.

"Si Ambindwile," alisema kwa sauti ya chini. "Marehemu wenu amelala vizuri. Hili ni jini. Jini halina jina wala sura, linatafuta. Mmeacha jina halina mwenyewe, mkaliwekea kitanda na chakula, nalo limeingia kama nyuki wanavyoingia mzinga mtupu."

Samson, muuguzi wa namba tano, akauliza kama linafukuzika.

"Linafukuzika, maana bado halina haki. Anayelifukuza ni aliyeliandika jina. Mwalimu, futa jina kwenye orodha kabla hati za nyumba hazijatoka. Zikishatoka, msinifuate tena."

Wote wakamtazama Yustina, kisha wakatazama chini. Hakuna aliyesema futa, hakuna aliyesema acha. Siku mbili alikaa na orodha mezani, kalamu juu yake. Mstari mmoja tu, na Anneth angelala nje. Alilia, akaomba, na ukutani kitu kikakohoa kikimngojea. Asubuhi ya siku ya mwisho ya kuiwasilisha aliikunja orodha kama ilivyokuwa, akaipeleka kwa mfilisi.

Hati zilitolewa wiki iliyofuata, kwenye ukumbi wa kata, mchana kweupe, mvua ikinyesha nje. Walikuwa wamepanga Ackson aitike badala ya mzee, na Prisca apokee hati ya kwao. Karani wa mfilisi, kijana mchangamfu asiyemjua mtu hapo, akaanza kuita. Yustina alipokea yake, akaibana kifuani kwa mikono miwili.

"Ambindwile Mwasomola."

Ackson alifumbua kinywa.

"Nipo," ikajibu sauti kutoka nyuma.

Hakuna aliyegeuka. Ndala ziliburuzwa katikati ya viti, taratibu, na kila zilipopita watu walivuta miguu yao ndani. Harufu ya udongo mbichi ikajaa ukumbini. Yustina aliona mkono tu, mkono wenye tope kwenye kucha, ukinyooka kuipokea karatasi, na karani akiushika kwa mikono miwili kwa adabu, kama mtu anavyomshika mzee.

"Hongera, mzee wangu," kijana akasema. "Kuanzia leo hakuna mtu mwenye haki ya kukutoa."