Ndoo Moja na Robo

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2019, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, na ukungu mwembamba ulilifunika jengo lisilo na paa. Mume na mke waliingia langoni pamoja. Mume alikwenda kukunja nondo. Mke alikwenda kwenye tangi la maji, akachukua ndoo zake mbili.

Kwa miaka tisa alikuwa akibeba maji ya kuchanganyia zege. Kazini walimwita Mama Ndoo.

Alitamani jambo moja: kuufanya mtihani wa ufundi. Alijua kuchagua mchanga na kusoma pima-maji ya kunyooshea ukuta. Kila fundi alipojenga, macho yake yalifuata mkono wa fundi, na vidole vyake vilijikunja vyenyewe kana kwamba vimeshika mwiko. Lakini mtihani ulidai barua ya Fundi Mkuu, na Fundi Mkuu alikuwa amekwisha kumkatalia mara mbili.

Asubuhi hiyo alimwomba tena.

"Fundi, habari za asubuhi. Nimekuja kwa ile barua."

"Barua ya ufundi wa nini, mama? Wa ndoo?"

Vijana wa mabeleshi wakacheka. "Mpe, fundi," mmoja akasema. "Tangu nimfahamu hajamwaga hata tone."

Mama Ndoo naye alitabasamu, kwa kuwa mtu mzima haonyeshi kidonda mbele ya wanaokichokoza. Akarudi tangini.

Saa nne, mbao za nguzo mpya zilivuliwa. Mama Ndoo alipopita, aliigusa kona ya nguzo moja. Zege likamomonyoka chini ya ukucha wake kama mkate mkavu.

"Fundi, nguzo hii inapukutika."

"Tutaipiga plasta."

"Plasta itabeba ghorofa?"

"Mama, maji."

Jumamosi ya wiki iliyofuata wangemwaga zege la sakafu ya juu, na sakafu hiyo ingekaa juu ya nguzo zile. Chini yake wangepita watu wote, mumewe akiwa miongoni mwao.

Jioni, Mama Ndoo alikwenda kwa jirani yake, mama mstaafu aliyepima zege katika maabara kwa miaka ishirini. Mtaa mzima ulimwita Shangazi Kipimo.

"Mnatia maji kiasi gani kwa mfuko mmoja wa saruji?" Shangazi aliuliza.

"Karibu ndoo mbili. Vijana wanataka zege jepesi. Zito linawachosha mikono."

"Hapo ndipo penye ugonjwa, mwanangu. Mfuko wa kilo hamsini unatosheka na lita ishirini na tano. Ndoo moja na robo. Maji ya ziada hayabaki ndani ya zege. Yanatoka, yanaacha vitundu. Ukuta wa vitundu utabeba nini?"

"Nitawaambiaje, shangazi? Sina cheo."

"Mimi nilikuwa nacho? Niliosha vyombo vya maabara miaka mitatu kabla hawajaniuliza neno. Hebu niambie, maji ya zege hupita mikononi mwa nani?"

"Mikononi mwetu. Sisi wanawake watatu."

"Basi anzeni hapo. Lakini usiwaaibishe. Mtu aliyeaibishwa hasikii."

Walichanganya zege kidogo uani, wakajaza makopo mawili. Kopo la kwanza lilipata maji kwa kipimo sahihi. La pili lilipata kwa mazoea ya kazini. Kesho yake walivitoa makoponi vipande viwili vya zege lililoshika, wakavitumbukiza majini kwa siku saba.

Nyumbani, mume alitikisa kichwa. "Mke wangu, wakitufukuza sote wawili, watoto watakula nondo?"

"Na nguzo ikianguka, watakula nini?"

Usiku ule mke alilala akitazama dari, akiijenga nyumba isiyo yake tofali kwa tofali, hadi usingizi ulipomchukua.

Jumanne, tarehe 12, aliwahi kazini kabla ya vijana. Aliviweka vipande viwili mbele ya Fundi Mkuu, wakiwa wawili tu, akampa nyundo. Cha kwanza kilipigwa mara nne kabla hakijapata ufa. Cha pili kilisambaratika kwa pigo la kwanza.

"Hiki ni cha nani?" Fundi Mkuu aliuliza.

"Ni cha kwetu, fundi. Ndicho kilichomo ndani ya ile nguzo."

Fundi Mkuu aliiweka nyundo chini. Kisha aliamuru nguzo ivunjwe, ijengwe upya, na nyingine zote zikaguliwe.

"Na maji nani atayasimamia?" aliuliza.

"Wanaoyabeba."

Mama Ndoo aliwakusanya wenzake wawili. Walichora mstari mwekundu ndani ya ndoo ndogo ya kupimia, pale maji yalipotimia robo ya ndoo kubwa. Wakaapiana kwamba hakuna atakayeongeza kikombe hata akiitwa majina.

Jumamosi ilifika na mvua yake. Mchanga ulilala ukinyeshewa. Mama Ndoo aliufumbata kiganjani, nao ukaacha maji vidoleni.

"Leo robo tunaiacha," aliwaambia wenzake. "Mchanga wenyewe umekuja na maji yake. Mfuko mmoja, ndoo moja."

Haikupita nusu saa, kelele zikaanza.

"Mama Ndoo, umeyabania maji kama dawa ya kikohozi!"

"Na dawa hainywewi kwa ndoo, mwanangu."

"Zege halisogei!"

"Litasogea likishindiliwa."

Vijana waliweka mabeleshi chini. Wanawake watatu walisimama mbele ya tangi bila kutukana wala kuondoka. Fundi Mkuu alitazama, akasubiri kuona. Ndipo mume wa Mama Ndoo alipoacha kazi yake ya nondo, akachukua fimbo ya chuma, akaanza kulishindilia zege, akitoa hewa pembe kwa pembe. Zege likajipanga, likajaa vizuri kwenye mbao.

"Kumbe linakubali," alisema yule kijana mcheshi, akaliokota beleshi lake. Wengine wakafuata.

Kesho yake, zege liliposhika, wanawake walilifunika kwa magunia na kuyalowesha asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa siku saba mfululizo.

"Mlitunyima maji, sasa mnayamwaga?" vijana waliwatania.

"Zege halikauki kama nguo, linakomaa," Mama Ndoo alieleza. "Maji mengi kwenye mchanganyiko hulidhoofisha. Likishashika, maji juu yake hulikomaza."

Vipande vya majaribio vya zege lile vilipelekwa maabara. Siku ya ishirini na nane majibu yalirudi: nguvu ya zege imefikia kiwango na kukipita.

Fundi Mkuu alimwita Mama Ndoo katika chumba cha mabati kilichokuwa ofisi yake.

"Mama, ile nguzo ingeniua mimi au mtu mwingine. Nina deni kwako. Barua yako hii."

Mama Ndoo aliisoma akiwa amesimama. Iliandikwa: "Mhusika ni mbeba maji mwaminifu na mwenye adabu." Aliirudisha mezani.

"Siipokei, fundi."

"Ina kosa gani? Si nimekusifu?"

"Adabu nilifunzwa nyumbani, na mtihani hauiulizi. Andika kazi niliyoifanya."

"Nikiandika wewe ni fundi, wenzangu watanicheka."

"Sikuomba uandike hivyo. Hilo watalisema watahini, wakipenda. Mimi nimeomba ukweli tu."

Fundi Mkuu aliizungusha kalamu. Alichukua karatasi nyingine, akaandika polepole: "Amesimamia kipimo cha maji kwa zege la sakafu nzima. Amewafundisha wenzake kulikomaza. Kasoro ya nguzo aliiona yeye, si mimi." Kwenye maneno ya mwisho mkono wake ulisita, lakini aliyaandika, akapiga muhuri.

Mama Ndoo aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Sasa hatudaiani, fundi."