Kadi ya Tatu

Kila siku akirudi kutoka shuleni, binti mmoja wa miaka kumi na miwili alivua viatu mlangoni, akanywa maji, kisha akafuta vumbi katika chumba cha kazi cha shangazi yake. Shangazi alitengeneza katuni za masomo kwa watoto viziwi. Kompyuta yake ndogo haikuimudu kazi hiyo peke yake, hivyo aliiunganishia kwa kebo nene kadi tatu za picha, vifaa vya kuisaidia kuchora, kila moja ndani ya kisanduku chake juu ya meza.

Juzi, akifuta vumbi, binti alichomoa kebo moja kwa bahati mbaya. Akairudisha, ikagoma. Akaisukuma kwa nguvu mpaka ikalia kwach! Akafyata mdomo.

Leo alimkuta shangazi ameketi sakafuni, macho mekundu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kadi ya tatu haionekani kwenye kompyuta tangu jana. Nimefungua, nimefunga, nimefungua tena. Mgongo wote unawaka moto. Na walimu wanazisubiri katuni kesho asubuhi."

"Labda imekufa," binti alisema, akitazama pembeni.

"Basi niwaombe radhi tu." Shangazi akashusha pumzi, akainua simu.

Binti aliushika mkono wenye simu. Siku mbili hizi hata chakula hakikumpita vizuri. "Shangazi, usipige! Ni mimi. Juzi niliisukuma kebo kwa nguvu."

Shangazi aliichomoa kebo, akaitazama dirishani. Vijipini viwili vya chuma kwenye ncha yake vilikuwa vimepinda.

"Siku mbili naisingizia kadi isiyo na kosa! Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

Shangazi alikuwa amechoka, hata kugomba hakuweza. "Bahati nzuri vifaa hivi nilivichagua vya vipimo vya wazi. Vipimo hivyo si siri ya kampuni moja. Mtengenezaji yeyote huvifuata, kwa hiyo kebo ya huyu huingia kwa yule. Nenda kwa mpiga picha ng'ambo ya barabara, naye ana kebo ya aina hii, ukaiazime. Na umweleze kilichotokea, bila kuzungukazunguka."

Binti alikwenda, akaeleza yote, akarudi na kebo ya kampuni nyingine kabisa. Ikaingia bila kusukumwa. Feni ikavuma, kadi ya tatu ikaonekana, katuni zikaanza kuchorwa.

Shangazi aliegemea ukuta. "Kuharibu kulikuwa bahati mbaya, mwanangu. Kunyamaza uliamua mwenyewe, na ndiko kulikotuchosha sote wawili. Siku nyingine niambie saa hiyo hiyo."

"Nitakuambia, shangazi."

Wakabaki hapo sakafuni, hakuna aliyekuwa na nguvu za kuinuka.